Ulimi wa Mbuzi

Watu wa kwetu hawapendi mtu alale alasiri. Wanasema ule si wakati wa usingizi, na mwenye kulala saa hiyo huamka amevurugika, hajui kama kumekucha au kumekuchwa. Saumu binti Athumani alilijua hilo tangu utotoni, na katika miaka yake yote ya kushona nguo za watu hakuwahi kujilaza jua likiwa upande ule. Lakini siku ya arobaini ya mama yake alilala alasiri, juu ya mkeka, kando ya cherehani, kanga ikiwa bado kiunoni. Aliyelia kwa hasira huchoka kuliko aliyelia kwa huzuni, na yeye alikuwa amelia kwa vyote viwili.

Kisa chenyewe kilikuwa mbuzi. Mama yao, Bi Mwanamkuu, alifuga uani mbuzi jike mmoja mweupe, mnyama mwenye kiburi aliyekula hata nguo zilizoanikwa. Siku mama alipofariki, watoto wake wawili walikuwa naye chumbani, Saumu upande huu wa kitanda na kaka yake mkubwa, Mbwana, upande ule. Tangu asubuhi mgonjwa alikuwa hasemi. Kisha akafumbua macho, akasema kwa sauti ndogo lakini ya kusikika, "Mbuzi yangu mpeni Saumu." Hakuongeza neno mpaka roho ikatoka. Akinamama wakaja kushughulikia maiti, wakamwinua Saumu akiwa bado ameushika mkono wa mama yake, na mkono wenyewe bado una joto.

Matanga yalipoanuliwa, Mbwana, aliyekuwa akiishi na mama katika nyumba ileile, akasema mbuzi atachinjwa arobaini, awe sadaka ya marehemu. Saumu akasema mbuzi ni wake, mama ameacha neno. Hapo ndipo Mbwana alipotoa hoja iliyomkata dada yake maini. Walioishi na Bi Mwanamkuu wanajua kwamba alikuwa mpole wa kila kitu isipokuwa maneno. Mtoto akikosea kusema alirudishwa mlangoni, apige hodi upya na aingie na neno lililonyooka; hata wachuuzi wa mtaani walipanga maneno kwanza ndipo wakamwita. "Mama aseme mbuzi yangu?" Mbwana aliuliza. "Mama huyuhuyu? Angekuwa na akili zake angesema mbuzi wangu. Ule ulimi ulikwisha kuwa mzito, Saumu. Hayakuwa maneno ya kushika." Tangu siku ile, kila Saumu alipowasimulia watu wasia wa mama yake, alisema "mbuzi wangu", akilinyoosha neno la marehemu kwa heshima, asije akachekwa kaburini.

Asubuhi ya arobaini alifika kwa kaka yake akakuta ngozi nyeupe imetundikwa uani na nyama imekwisha kukatwakatwa. Mvua ya jana yake ilikuwa imelowesha kuni, kwa hiyo Mbwana alikuwa amesafisha jiko la mama na kurundika kando ya mafiga kila kikuukuu cha mbao: mwiko uliopasuka, kigoda kisicho na mguu, na vinginevyo. Saumu alilipita lile rundo bila kulitazama, maana macho yake yalikuwa kwenye ngozi. Akasema mbele ya watu wote kwamba nyama ile hataionja, na kizingiti cha nyumba ile hakivuki tena, si kwa harusi wala kwa msiba. Mbwana, ambaye naye si mtu wa kubembeleza, akasema, "Basi." Wawili hao ndio pekee waliobaki wa tumbo lile. Watu waliinamisha nyuso, na Saumu akarudi kwake, nyumba ya mtaa wa pili, na moshi wa jiko la sadaka ukamfuata mpaka dirishani.

Ndipo alipolala, na alipolala akaota. Aliota yuko katika nchi asiyoijua, nchi ya moshi mwembamba usiowasha macho, ambamo hakuona mti wala mlima, ila vitu. Njia ilitandikwa soli za kandambili zilizolika visigino, kila moja kwa namna ya mwendo wa mwenyewe, na Saumu alipozikanyaga alihisi kama anapita katikati ya umati wa watu walionyamaza. Pembeni mwake alikuwapo mwanamke mtanashati, amemshika mkono kama shoga wa siku nyingi, na kwa mkono wa pili alikuwa akimkabidhi kamba. "Shika," alisema yule mwanamke, "ni haki yako. Ukiiachia watakuona mnyonge." Jina lake lilikuwa Kinyongo. Saumu akaishika kamba, akahisi mnyama mzito anamvuta kutoka nyuma. Wakaenda. Kinyongo alikuwa mwenzi mzuri wa safari, hilo lazima lisemwe. Alikumbuka kila kosa la Mbwana tangu walipokuwa wadogo, hata yale ambayo Saumu mwenyewe alikwisha kuyasahau, na aliyasimulia kwa ufundi mkubwa hata njia ikaonekana fupi.

Hawakuwa wamekwenda mbali walipokutana na mama mmoja wa makamo, kajifunga kanga mbili zilizopauka, anatembea polepole huku akigusa kila kitu anachokipita. Alipogusa pembe ya meza, pembe ikawa butu. Alipopitisha kidole kwenye mpini wa jembe, mpini ukang'aa na kupungua kidogo. Viganja vyake vilikuwa kama msasa. Saumu akarudi nyuma kwa hofu, lakini yule mama akamwambia asiogope, akajitaja kuwa yeye ni Bi Chakaa, na kwamba njia anayokwenda Saumu inapita kwake yote. "Watu hunilaumu," alisema, "husema nimewaharibia. Lakini mimi siingii nyumba isiyo na mtu. Hiyo namwachia ndugu yangu Kutu. Mimi hukaa ndani ya mkono wa mwenye kitu, na mkono ukitulia, nami natulia." Kinyongo akavuta mdomo, maana hakupenda mazungumzo yasiyomhusu Mbwana. Bi Chakaa hakumjali. Akatangulia, nao wakamfuata.

Akawafikisha kwanza mbele ya jumba la vioo. Ndani yake kulikuwa na makabati hadi darini, na makabatini vyombo vizima visivyo na doa: sahani zenye ukingo wa dhahabu, mashuka ndani ya karatasi zake za dukani, chupa za manukato ambazo vifuniko vyake havijawahi kufunguliwa. Bwana mmoja mwembamba alikuwa akizunguka kwa ncha za vidole, funguo shingoni, akipuliza vumbi. Huyo aliitwa Choyo. Saumu alimuuliza vitu vile ni vya nani, akajibu kwamba vinangoja wageni. Wageni gani? Wageni wa maana, akasema Choyo, watakuja tu. Saumu akatupa macho, akaviona vikombe vya mama yake, vile vya maua ya waridi alivyoletewa siku ya harusi yake. Vilikaa kabatini maisha yote ya Bi Mwanamkuu. Yeye na watoto wake walinywea bati, na wageni wa maana hawakuja, au walikuja wakaonekana hawajafikia kiwango cha vikombe. Saumu akakishika kimoja, akapitisha kidole ukingoni akitafuta mahali palipopauka kwa midomo, na hakukuta kitu. Mama yake hakuwamo mle kabisa. Akalia, akatamani angalau kimoja kingekuwa na ufa. Bi Chakaa alikuwa amesimama nje, hakuvuka mlango. "Humu sikualikwa," alisema, "na mama yako pia hakukaribishwa."

Kutoka hapo wakateremka bonde la vitu vilivyotumika, na bonde hilo halikuwa na mlinzi wala kufuli. Saumu aliona visu vya jikoni vilivyonolewa hadi vikawa vyembamba kama mwiba wa samaki. Aliona michi iliyofupika kwa kutwanga. Aliona kipande cha sabuni kilichobandikwa juu ya mche mpya ili kisipotee, na hicho kipande nacho kilikuwa kimebandikwa kingine juu yake, na kingine tena, kwani ndivyo Bi Mwanamkuu alivyofanya miaka yote, akawa kama mtu aliyeoga kwa sabuni moja tangu ujana. Aliona msumari mmoja wenye kalenda nyingi, mpya imetundikwa juu ya kuukuu, mwaka umefunika mwaka. Kisha akaona mkasi wa mshonaji, tundu la dole gumba limelika upande mmoja, akauliza, kwa kuwa alidhani anaufahamu, huu wa nani. "Wako," alisema Bi Chakaa. "Nimeuanza tu, sina haraka nao." Saumu akautazama mkono wake mwenyewe. Hakuwahi kufikiri kwamba wakati wote aliokuwa akizikata nguo za watu, yeye naye alikuwa akikatwa, kidogo kidogo, na hausikii uchungu. Alitaka kukaa pale, lakini kamba ilimvuta bega, na mnyama wa nyuma alizidi uzito.

Chini ya bonde palikuwa na mto, na mtoni mwanamume mmoja mnene, mchangamfu, anafua. Alifua kanga za watu. Alizifua mpaka maandishi yakatoka, kisha maua yakatoka, kisha rangi ikatoka, akazianika nyeupe pepepe, na hapo hakuna aliyeweza kujua ni za nani. Alikuwa Sahau. Alipomwona Saumu alimcheka kwa upole, akamwambia anaonekana amechoka, aweke mzigo wake majini na yeye atausuuza, hataumwa tena. Saumu alitamani, nisiseme uongo. Akauliza aanze na nini. "Anza na sauti yake," alisema Sahau. "Sauti ndiyo inayotoka upesi." Saumu akarudisha mguu. Kinyongo naye akamkaripia Sahau kwamba mtu huyu ni wake, wakaanza kuvutana maneno pale ukingoni, huyu akitaka Saumu akumbuke ubaya tu, yule akitaka asikumbuke chochote. "Waache," Bi Chakaa akamwambia taratibu. "Wote wawili wanataka mama yako atoke ndani yako, wanatofautiana njia tu."

Wakavuka. Ng'ambo ya mto kulikuwa na ua, na Saumu aliusikia kabla hajauona, kwa sababu ulitoa mkwaruzo aliozaliwa akiusikia, mkwaruzo wa kila jioni. Akatazama, akamwona mama yake amekaa, amewapa mgongo, mabega yanapanda na kushuka, na mbele yake ungo, na unadondoka weupe, laini, bila kukoma. Saumu alisahau nchi, alisahau wenziwe, akakimbia. Kamba ikamrudisha. Akavuta kwa nguvu zake zote, na nguvu zake hazikutosha. "Usiiachie," Kinyongo alimnong'oneza, "umetoka nayo mbali."

"Geuka uone unachokivuta," alisema Bi Chakaa.

Saumu akageuka. Kamba ilikuwa ndefu, imelala mchangani, na mwishoni pake palikuwa pamefungwa fundo tupu. Hakukuwa na mbuzi, na kwa alama za mchangani, hakuwapo tangu mwanzo. Alisimama akilitazama lile fundo kwa aibu. Kisha akafungua kiganja, kamba ikaanguka, na aliposonga mbele Kinyongo hakuwa na cha kumshikia, akabaki palepale.

Akafika nyuma ya mama yake, karibu hata akanusa mafuta ya nywele zake. Akamwita. Bi Mwanamkuu hakugeuka. Saumu akasema yote aliyokuwa nayo, kwamba wamemchinja mbuzi wake, kwamba Mbwana amesema mama hakuwa na akili, kwamba yeye amewaeleza watu vizuri, amelinyoosha neno. Mkwaruzo ukasimama. Na sauti ikaja, ile ile, yenye kicheko ndani yake, sauti ya kumrudisha mtoto mlangoni.

"Mbuzi wangu anakula majani, Saumu. Mbuzi yangu inakula nazi."

Akainuka, akakung'uta mapajani, akaenda zake upande wenye moshi mzito, kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni. Alichokuwa amekikalia kikabaki. Kilikuwa kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, kifupi, kimekunjuliwa miguu, na mbele yake kile chuma chenye meno ambacho wao nyumbani walikiita ulimi. Mbao yake ilikuwa imebonyea katikati, bonde la mviringo, laini, lenye kung'aa. Bi Chakaa akainama akaweka kiganja ndani ya lile bonde, na kwa mara ya kwanza kiganja chake hakikupunguza kitu. "Hapa tulikaa pamoja, mimi na yeye," alisema. "Yeye alikuwa msichana mwembamba tulipoanza. Vyote vingine vyake alikuwa akivitumia. Hiki kimekuwa yeye. Ukitaka kumwona mama yako alivyokuwa mzito, na mwepesi, na alivyoegemea upande wa kushoto nyonga ilipoanza kumuuma, kaa hapa."

Saumu akajifunga kanga vizuri ili akae. Lakini alipokuwa akiinama aliona moshi unatoka chini ya kile kibao, mwembamba kwanza, kisha mweusi, na nazi iliyokuwa ungoni ikawa ya kijivu, ikapeperuka usoni mwake. Alimtazama Bi Chakaa amwombe azuie. Bi Chakaa alikuwa amesimama mikono mitupu. "Moto si wa kwangu," alisema. "Amka."

Akaamka. Jua lilikuwa limeshuka hadi miguuni pa cherehani, na kwa kitambo hakujua kama ni asubuhi au jioni. Moshi wa jiko la sadaka ulikuwa umejaa chumbani. Kisha neno likamwingia, yangu, akakumbuka lile rundo la mbao alilolipita bila kulitazama. Mama hakukosea. Alikuwa na akili zake zote, na pumzi moja tu iliyobaki, naye akaitumia kusema sawasawa, na watoto aliowafundisha kusema wakamsahihisha. Saumu alitoka mbio, pekupeku, kanga moja mkononi, akapita mtaa wake na mtaa wa pili watu wakimshangaa, na kizingiti alichokiapia asubuhi alikivuka bila hata kujua amekivuka.

Mbwana alikuwa ameinama kwenye mafiga, akiondoa makaa chini ya sufuria kubwa na kuyaweka juu ya kifuniko ili pilau ipaliwe. Alipomwona dada yake alijikunja kama mtu anayengojea matusi ya pili. Saumu akamuuliza, pumzi zikimwishia, mbuzi ya mama iko wapi.

"Saumu," Mbwana alisema kwa uchovu, "mbuzi yuko sufuriani. Tumekwisha sema haya."

"Sisemi yuko. Nasema iko. Mbuzi ya mama iko wapi?"

Mbwana akamtazama bila kuelewa. Saumu hakuwa na nguvu za kueleza, akasema tu, "Mbuzi wangu anakula majani," akamwachia nafasi, kama mama yao alivyokuwa akiwaachia.

"Mbuzi yangu inakula nazi," Mbwana akamalizia, haraka, bila kufikiri, kama mtoto aliyerudishwa mlangoni. Kisha akajisikia alichokisema. Naye, mzee mwenye mvi, akageuka polepole kuutazama moto.

Alichokora majivu kwa fimbo, akavuta makaa huku na huku. Kibao kilikuwa kimekwisha. Mbao kavu ya miaka mingi, iliyoshiba mafuta ya nazi, ilikuwa imewaka vizuri kuliko kuni zote. Mpishi wa sadaka, aliyekuwa kando ya sufuria, aliisifu mbele yao, maskini, bila kujua. Kilichobaki ni chuma, ule ulimi, meno yake yamelika karibu yote, umekuwa mweusi. Mbwana akautoa kwa fimbo, akauweka mchangani, akakaa chini mbele yake. "Nilisema ulimi wake umekuwa mzito," alisema. "Niliwaambia watu." Akalia mbele ya wageni wake, na Saumu, ambaye mchana kutwa alitamani kumwona kaka yake analia, hakupata raha yoyote katika jambo hilo. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe alifanya vibaya zaidi, kwa sababu aliamini neno la mama ndipo akalibadilisha.

Pilau ilipopakuliwa Mbwana alisogea kwenye mkeka akamwachia dada yake nafasi kando yake, jambo ambalo wanaume na wanawake wa pale hawakulizoea karamuni. Saumu alikula nyama ya yule mbuzi mwenye kiburi. Mbwana alisema atamtafutia fundi achonge kibao kipya, chuma kitiwe humo humo, na Saumu akakubali, ingawa wote wawili walijua kibao kipya kitakuwa bapa, na kwamba hakuna mmoja wao atakayeishi miaka ya kutosha kukibonyeza kama kile. Ulimi ulikuwa mapajani mwa Saumu, umefungwa kwenye pindo la kanga. Ulikuwa bado wa moto, unaunguza hata kupitia kitambaa, na Mbwana akamwambia auweke chini kwanza. Saumu hakuuweka. Safari hii hakuwapo wa kumwinua, akaushika hivyo hivyo mpaka ukapoa.